Fomu ya Toxo

Haya, mpime, kijana.
Umetoka Lugo na utepe wa kitambaa
na kalamu mbili, kana kwamba mvua yetu itaimeza moja.
Mabega: sentimita hamsini na tisa.
Masikio: yamesimama, ingawa la kushoto alilichana nguruwe mwitu
mwaka ule viazi vyetu vilipochimbwa na wasiovipanda.
Rangi: andika ya mkate
uliozidishwa dakika moja tanurini.

Jina ni Toxo, kile kichaka cha miiba
kinachochanua manjano kwenye baridi kali.
Tulikikata tukawatandikia ng'ombe.
Ninyi wa mjini mnakipiga picha.
Mama yake hakuwa na cheti.
Alimzaa kwenye tuta la nyasi kavu,
nyuma ya ghala la mahindi lenye miguu ya mawe,
na wazee wetu waliwaita hivyo tu, mbwa wa nyasi,
kwa walipolala. Walichokuwa
hakuna aliyeuliza.

Naona sasa umekwama penye kisanduku.
*Kazi ya mbwa.* Kisanduku kimoja,
upana wa ukucha wangu.
Utaandika nini, Breixo, mwana wa watu?
Mchungaji? Na kuku walionusurika na mbweha, nani awasemee?
Mlinzi? Mleta barua anampanda mgongoni kwa mikono yote miwili,
naye kimya, anapiga mwayo.
Lakini yule bwana aliyetaka shamba kwa bei ya jibini
alimkuta amelala kizingitini kama komeo,
hakubweka, hakung'ata,
hakuondoka.

Usiku Marela alipozaa ndama ametanguliza kwato za nyuma,
ni huyu aliyekwaruza mlango wangu.
Nikatoka na taa, na kamba, na matusi.
Ndama alipona.
Mshahara wa Toxo ulikuwa kondo la nyuma,
akaula bila haraka, kama kasisi.

Unauliza ng'ombe wako wapi.
Tuliwauza Oktoba. Marela, Gallarda,
na yule mdogo tuliyemnyima jina ili asituume.
Toxo alilifuata lori hadi darajani, akasimama,
akarudi, akasusa chakula siku mbili.
Siku ya tatu, saa kumi na moja jioni,
akainuka, akajinyoosha, akapanda malishoni
kama aliyeitwa.
Nikasema, basi, na huyu karukwa na akili,
sasa ninao wawili.

Maana Delmiro wangu siku hizi
huiita meza kwa jina la dada yake.
Hutoka na buti la kulia mguu wa kushoto
kumtafuta baba tuliyemzika miaka arobaini iliyopita.
Jioni ile alitoka sikumwona.
Nilipiga kelele hadi kwenye mialoni,
ukungu ukanirudishia sauti yangu imelowa.

Kisha nikawaona wakishuka.
Delmiro mbele. Toxo nyuma yake, kushoto kidogo,
pua karibu na goti,
vile vile alivyomleta Gallarda alipokuwa na mimba nzito,
akimwacha asimame penye majani.
Delmiro akasimama kulitazama lango.
Mbwa akaketi.
Delmiro akakumbuka miguu.
Mbwa akainuka.

Hakumleta nyumbani, usidhani.
Alimwingiza zizini,
mahali pa Marela, penye hori,
akalala mlangoni, kazi imekwisha.
Nilicheka mpaka nikashika ukuta.
Halafu sikucheka.

Tangu hapo, kila siku.
Nimeweka kiti zizini, na blanketi,
na redio inayoshika stesheni moja.

Urefu wa mgongo bado? Utabaki hivyo hivyo.
Tazama, ameinuka. Usimshike,
utabaki na utepe wako mkononi.
Kaa, kuna supu ya kabichi,
kisanduku hakiozi.
Na ukienda kulitazama gari lako,
mlango wa zizi
uache wazi.