Kiti cha Evaristo Cayún

Alikuja na kiti kwapani, pikipiki kaiacha kwake,
maana upepo wa Río Mayo siku ile ulikuwa unang'oa mabati.
Akakibwaga mezani, juu ya tandiko la farasi nililokuwa nalishona.
"Zulma," akasema, "hiki si kiti. Hiki ni hakimu."

Mara tatu alikuwa ameanza safari
ya kwenda kwa nduguye Hilarión, kusini, ng'ambo ya Tres Lagos,
kilomita karibu mia saba za changarawe na upepo wa ubavuni,
kudai kondoo jike kumi na wanane
wa mwaka ule majivu ya volkano yalipozika malisho.
Mara tatu aligeuzia Bajo Caracoles, penye pampu moja ya mafuta,
akarudi kasimama wima juu ya vikanyagio kama jogoo,
makalio yamekufa ganzi,
deni halijadaiwa.

Nikapasua jalada.
Ndani mlikuwa na kipande cha godoro la mtoto,
fulana mbili, soksi,
na mto wa kanisani ambao sikuuliza umefikaje.
"Umekuwa ukitafuta ulaini," nikamwambia, "na ulaini ni mwongo.
Unazama, unazama,
hata mfupa unabisha hodi kwenye bati."

Nikamkalisha juu ya kadibodi ya sanduku la majani ya mate.
Alipoinuka, vishimo viwili,
cha kushoto kimezama zaidi.
"Unakaa upande."
"Sikai upande."
"Kadibodi haina sababu ya kukusingizia."

Siku nne nilikata.
Sponji ngumu chini, ya wastani juu yake,
nikapanua nyuma kwa vidole viwili kila upande,
nikainua mbele kidogo asiteleze kila mara kulikumbatia tangi,
nikachimba mfereji ili kifandugu kining'inie bila kuguswa na mtu.
Gundi. Kusubiri. Kisu tena.
Juu kabisa ngozi ya kondoo, manyoya nimeyapunguza
yabaki marefu kama ndevu za siku tano,
hewa ipite, jasho lisichemke.
Kiti usichokikalia hujui msumari wake:
nikakikalia mwenyewe jioni nzima, nikimenya viazi.

Akaondoka Jumatatu.
Akarudi baada ya siku kumi na moja, kanuna.

"Umeniharibia," akasema.
Alikuwa amejiwekea matusi, moja kwa kila kituo,
na miaka yote maumivu ndiyo yaliyokuwa yakiyanoa.
Safari hii alipita Bajo Caracoles akitafuna empanada.
Akasimama kuhesabu guanako, eti kuhesabu guanako!
Kufika Gregores tusi la baba mkwe limemtoka kichwani.
Tres Lagos alikuwa amebakiwa na moja tu,
nalo, akilionja ulimini, lilikuwa la kitoto.

Hilarión hakumsalimia.
Alikizunguka kiti, akakibonyeza kwa kidole gumba,
akakikalia, pikipiki imeegeshwa, kapaki pale nje,
robo saa, anatazama mlima.
Kisha: "Nani?"
Kondoo hawakutajwa hadi siku ya tatu.

Sasa Evaristo ameniwekea mezani kiti kingine,
kimechanika, kimefungwa kwa waya wa ua.
"Nitampimaje mtu aliye kilomita mia saba?"
Akainua mabega.
Nikaitoa ile kadibodi nyuma ya cherehani,
vishimo viwili, cha kushoto kimezama zaidi,
nikamtazama.
"Tulijifunza juu ya farasi mmoja," akasema polepole,
"tandiko moja, tumebanana,
na baba alikuwa hapendi kukaza mkanda wa kulia."

Nikakata bila kupima.

Malipo ni kondoo jike wawili, watolewe kwenye deni.
Mmoja kafa njiani.
Mwingine yuko dirishani hapa ninaposhona,
anatafuna pazia langu.