Kandambili ya Kushoto

Paka wetu anaitwa Shombo
kwa sababu alitufuata kutoka sokoni Wete
nyuma ya mtungo wa changu, hatua kwa hatua,
kama mtu anayedai chake.
Jina limebaki, shombo limeondoka:
msimu mzima hulala juu ya jamvi la karafuu,
na ukimbeba unabaki na harufu kiganjani
mpaka wakati wa kukosha vyombo.

Alhamisi, baba Shaame kaamka kwenda alfajiri
akakuta kandambili moja.
Ya kulia ipo. Ya kushoto haipo.
Akaenda msikitini mguu mmoja wake, mmoja wangu,
wa waridi, wenye ua.
Akarudi hukumu keshaikata njiani:
"Paka wenu huyu!"
(Akikamata panya, huwa paka wake.)

Mimi nilikuwa na kofia magotini,
kofia ya mkono, tobo moja baada ya tobo.
Watu huwaambia ni pumbao langu tu,
ingawa pumbao hili ndilo lililonunua friji.
Nikanyamaza. Mwenye sindano mdomoni hajibu.

Shombo akapigwa fagio la chelewa,
akapenya chini ya mlango wa uani,
wala hakugeuka.

Ijumaa hakuja.
Jumamosi nikakaanga dagaa makusudi, mlango wazi.
Wakaja kunguru.
Shaame, miaka saba, meno mawili ya mbele hana,
akaisukuma sahani, akasema tumbo.
Nikamchemshia mchaichai.
Tumbo la watu halikuwa na kosa.
Usiku nikamwona kasimama ubavuni mwa kitanda:
"Mama,
paka akisingiziwa, hushitaki kwa nani?"

Akaenda kuvuta kitu uvunguni kwake,
akakileta kwa mikono miwili, kama sinia la wageni.

Gari.
Bodi kopo la maziwa ya unga,
ekseli chelewa, zimechomolewa kwenye fagio lilelile,
taa vizibo viwili vya soda,
na namba: Z, halafu tarakimu zote anazozijua,
mpaka zikapinda kona ya kopo.
Na magurudumu.
Manne, ya buluu, yamekatwa kwa wembe wangu,
moja bado lina shimo
la kidole gumba cha baba yake.

Baba yake akaketi kitandani.
Nikangoja radi.
Akaligeuza gari juu chini,
akazungusha gurudumu kwa kidole, akaliangalia linavyokwenda.
"La nyuma linapepesuka," akasema.
"Hukutoboa katikati. Nenda kalete msumari."
Wakakaa chini wote wawili,
umeme ukakatika, wakawasha tochi ya simu,
na mimi nikajifunika shuka mpaka kichwani
wasinisikie ninavyocheka.

Lakini Shombo.

Tangu fagio lile sikushika sindano, mkono ulikuwa mzito.
Jumatatu nikasema basi, kofia ya watu ina siku yake,
nikafunua kapu la vitambaa.
Karafuu ikanipokea kabla ya macho.
Kumbe alirudi kwa dirisha la jikoni, hata sijui usiku gani,
na sasa ananitazama
kama mimi ndiye niliyeingia bila hodi.
Watoto watatu, vipofu bado, rangi ya majivu,
wamejazana ndani ya kofia
ya Idi ya Mzee Nassor wa Limbani,
kofia niliyoianza Rajabu,
imelowa, imetafunwa ukingo.
Nikahesabu tobo zilizosalimika.
Nikaacha kuhesabu.

Shaame akaleta gari liwe kitanda chao.
Hawakuenea.
Baba yake akachungulia juu ya bega langu,
akakaa kimya, akameza mate,
kisha kwa sauti ya mtu aliyepewa hati ya shamba:
"Paka wangu huyu."

Asubuhi ile akatoka kwenda kununua kandambili mpya.
Akarudi na dagaa fungu zima,
na mguu wa kushoto
bado una ua.