Viti Vinavyohama

Saa mbili na dakika ishirini, simu ya ofisini inalia,
na mimi kwenye korido, na ufagio wangu, nimeshajua:
darasa la tano leo halina mwalimu.

Leo, tunasema. Tumekuwa tukisema leo tangu mwezi wa kumi,
Bi Hanneke alipohamia Breda.
Hakugombana na mtu. Alipiga hesabu ile ile aliyowafundisha watoto,
kutoa kwa kukopa:
mshahara juu, kodi ya nyumba ya Rotterdam chini,
na alipokwenda kukopa kwenye makumi
akakuta sifuri.

Akaja kijana wa wiki tatu.
Akaja mstaafu mwenye goti bovu, hodari, tukampenda,
goti likamshinda.
Kisha zikaja barua kwa wazazi, nzuri, zenye nembo.

Mimi mtunza jengo. Zangu ni funguo,
mabomba ya joto yanayokohoa alfajiri,
mipira iliyolala paani, matapishi ya Jumatatu.
Shule niliiacha Mindelo, ndevu hazijaota,
nikafuata meli.
Lakini orodha ya mgawanyo ninayo mimi, mfukoni,
imechakaa kwenye mikunjo:
watatu waende la sita, wanne la nane,
wawili chekechea, wakakate karatasi na wadogo,
na kila mmoja abebe kiti chake.

Wanatoka. Miguu ya viti inagonga miimo ya milango.
Rodinel amekivaa kichwani kama kofia ya askari.
Fenna amekipakata.
Na Ilhan, huyu ndiye anayenikata maini,
Ilhan siku hizi hangoji jina lake.
Simu ikilia tu, anasimama, anainua kiti.
Ana miaka minane.
Hilo ndilo somo alilolishika vizuri mwaka huu.

Mchana viti vikirudi, ninakaza skurubu.
Havikuundwa kwa safari. Vinalegea,
kimoja kinayumba, kingine kimeacha soli yake ya mpira
darasa la nane.
Ubaoni, pembeni, upo bado mwandiko wa Bi Hanneke:
Jumanne, tarehe, na jua dogo linalocheka.
Ubao wote napangusa. Hapo naparuka.

Jana Fenna alirudi kuchukua kifutio.
Akanikuta nimepiga magoti chini ya meza, bisibisi mdomoni.
Akasimama.
"Nane mara saba?"
Nikaitoa bisibisi. Nikahesabu kwa vidole,
nikapotea njiani, nikaanza upya.
"Hamsini na sita."
"Najua," akasema. "Nilitaka tu kuuliza mtu."