Mikono Miwili

Saa kumi na moja alfajiri, Kaptembwa,
kabla mwadhini hajasafisha koo,
mimi nimeamka, vidole vyangu bado vimelala.
Navisubiri.
Kuna saa nzima hapo, siku nyingine na robo,
isiyo ya usiku wala ya mchana,
ni yangu na bati la dari
na paka wa jirani anayepita juu yake
akinyata kama mpangaji mwenye deni.

Ugonjwa wenyewe unaitwa baridi yabisi.
Mama aliposikia jina alidhani ameeleweshwa yote:
"Si nilikukataza kuoga maji ya pipa asubuhi ya Julai?"
Akaleta mafuta ya kondoo.
Shangazi akatoka Londiani
na jina la mtu aliyeniroga.
Nilipaka vyote. Hata lile jina nililipaka,
usiku, kimyakimya, miezi mitatu.

Daktari Okumbe alichora mkono nyuma ya risiti,
akatia nukta kwenye kila kiungo.
"Askari wako wamekosea nyumba," alisema,
"wanamvunjia mwenyeji mlango."
Nikamuuliza, wataondoka lini?
Akaifunika kalamu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili,
ya tatu mpe jembe.
Wangu huyu ana mwaka wa kumi na moja.
Nimpe jembe kwa mkono upi?

Nilikuwa fundi. Mtu akiuliza, mwambie hivyo:
Fundi Jerop, kibanda cha tatu, karibu na kinyozi,
sare za shule tatu,
marinda kumi na sita kila sketi
na hakuna rinda lililomdanganya mwenzake.
Januari ilikuwa haina usiku.
Siku mkasi uliponiponyoka mara ya nne
niliuokota kwa viganja, kama mtu anayeokota kinda,
nikampa Bosibori.
Sikumpa kwa moyo mweupe, nisidanganye.
Alipokata kitambaa cha kwanza upogo
nilifurahi, Mungu anisamehe,
nilifurahi hadi jioni.

Jumatano: vidonge sita,
na tumbo linalogeuzwa kama chapati.
Alhamisi: kimoja kidogo,
cha kuwaombea radhi wale sita.
Ijumaa mimi ni mtu tena.

Huniuliza ni siku gani niliacha kupigana.
Hakukuwa na siku.
Kulikuwa na kifuniko cha thamosi
ambacho mwanangu Kibiwott hukilegeza kabla ya kulala,
bila kuambiwa, bila kusema.
Kulikuwa na komeo la mlango lililong'olewa
pakafungwa kamba.
Kulikuwa na Bosibori, pini mdomoni:
"Mama, hapa nikunjie ndani au nje?"
na mdomo wangu ukajibu kabla ya wivu,
ukaendelea kujibu,
hadi nikagundua kuwa ufundi
haukuwa umepanga vidoleni peke yake.

Jana baridi ilishuka mapema kutoka Menengai
nikalia kwa ajili ya kifungo.
Kifungo kimoja, cha blauzi, cheupe.
Nalitaja hili pia.

Ila chai sasa naipokea kwa mikono miwili,
kwa kuwa mmoja haubebi.
Chenji, mikono miwili.
Kadi ya kliniki, mikono miwili.
Mtoto wa jirani, hata akiwa na matope,
mikono miwili.
Mzee Gathuku wa duka la maziwa huwaambia wateja:
yule mama alilelewa,
hupokea kila kitu kama amepewa na mkubwa wake.
Sijawahi kumsahihisha.
Naikumbatia pakiti kifuani,
natembea taratibu kuelekea kibandani.
Kutoka kwa kinyozi tayari naisikia cherehani,
imeanza kusema bila mimi,
na mshono, kwa sauti yake tu,
najua umenyooka.