Fupisha

Kutaisi, wadi ya pili, dirisha linatazama mto Rioni.
Nilikuwa na miaka tisa na viatu vya shule vyenye tope.
Daktari alivuta kiti. Hakumtazama mama,
alinitazama mimi: "Mwambie."

Mwambie nini? Maneno yalimtoka marefu,
nusu Kilatini, nusu haraka ya chakula cha mchana.
Mikononi mwangu nilikuwa na alama za nyumbani:
mkate, mvua, funga mlango, bibi amekasirika.
Kizazi, neno hilo sikuwa nalo.
Hakuna aliyewahi kuniwekea kiganjani.

Basi nikasema: tumbo. Nikasema: kuna kitu kibaya.
Nikasema: watakitoa, kisha tutarudi nyumbani.
Kitu gani? akauliza mama.
Nikamwuliza daktari. Daktari akatazama saa.
"Fupisha, mtoto. Aweke saini hapa."
Na mama, Guliko binti wa mshona viatu,
aliyeweza kumsoma mgeni kabla hajabisha hodi,
akausoma uso wangu, akakuta woga mtupu,
akaweka saini ili nisiogope.

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa.
Sikio la mama halikuwa la kufa.
Lilikuwa sikio tu, kimya kama kikombe kabatini,
na dawa ilitajwa mbele yake, kwa sauti ya kutosha,
ikapita juu ya kichwa chake kama ndege ya abiria wengine.

Miaka minne alifuma soksi.
Za buluu, ndogo, kidole gumba changu kilizijaza.
Kila mwezi alihesabu siku kwenye kalenda ya jikoni,
kila mwezi akanionyesha: bado. Labda mwezi ujao.
Nami nilikuwa nimeshalijua lile neno.
Nililikuta katika kitabu cha biolojia, chini ya mchoro,
nikakaa nalo kama mtu aliyemeza kokwa.

Sikumwambia mimi. Nalisema hili kwa kuwa huulizwa
kwa nini nilichagua kazi hii, na watu hutaka jibu zuri.
Alimwambia Lamara, mkalimani wa kwanza kuletwa mjini kwetu,
aliyeshuka kwenye basi dogo la Tbilisi na mfuko wa machenza.
Mama aliliomba faili lake. Lamara akalisoma kwa mikono,
mstari kwa mstari. Hakuruka. Hakulia. Saa nzima.
Mama akazima jiko.
Akazifumua soksi, uzi ukarudi kuwa donge.
Kisha akaja akanishika mikono yote miwili,
jambo ambalo kwetu ni kumziba mtu mdomo,
akaniziba, nisipate kuomba radhi.

Leo nina arobaini na moja. Wadi ileile, rangi mpya.
Mgonjwa ni Mzevinar, muuza jibini sokoni.
Binti yake yuko koridoni na tufaha,
anapiga teke hewa, hana habari nasi.
Daktari kijana ananitazama: "Mwambie kwamba..."
"Mtazame yeye," nasema. Anageuka
kama aliyegundua kuna mtu chumbani.

Uvimbe, natoa. Kizazi, natoa; lina umbo, linaenea mikononi.
Asilimia. Hatari. Njia ya pili, ile ya polepole.
Mzevinar anauliza. Anauliza tena. Swali la kumi na moja
linarudi kwenye njia ya pili, na daktari anakuna shingo,
ananinong'oneza: "Fupisha kidogo."

Nami, kwa kuwa sikuajiriwa kuwa chujio,
naupeleka na mnong'ono wenyewe:
Daktari ananiomba nifupishe.

Mzevinar anacheka, kicheko kipana kama cha mama,
anausukuma ukurasa wa saini hadi katikati ya meza.
Mikono yake inasema, na sauti yangu inafuata:
"Nipe wiki moja. Na nakala."

Koridoni, tufaha limeliwa lote.
Mtoto anauliza kwa vidole vyenye utomvu: wamesema nini?

Mama yake anamjibu mwenyewe.