Uzani

Saa kumi na mbili kasorobo Gwakisa anaipigia injini magoti.
Ni Lista, ilikuwa ya kijani, sasa ina rangi ya masizi.
Anazungusha hendeli mara tatu, anaitukana mara moja,
kwa Kinyakyusa, taratibu, kama anayemwamsha mkwe,
nayo inakohoa, inatema moshi ndani ya ukungu,
inakubali.

Hapo waya unashtuka.
Nguzo kumi na nne, kutoka mtoni hadi kiwandani,
viti ishirini na sita, kila kimoja cha wawili,
mbao za mkaratusi na chuma cha kuning'inia,
vinapanda juu ya chai iliyolowa
vikilalamika kwenye kila kapi.

Hakikuletwa kwa ajili yetu chombo hiki.
Kililetwa kubeba majani: kulabu mbili,
gunia huku, gunia huku,
na watu wapande kwa miguu nyuma ya walichokichuma.
Ni baba yake Gwakisa aliyepigilia ubao wa kwanza,
mwaka ule mvua ilipokula daraja
na mke wa nyapara akashikwa na uchungu ng'ambo.
Mtoto alizaliwa kati ya nguzo ya nane na ya tisa.
Yupo. Anauza vocha Tukuyu. Anaitwa Waya,
na ukimwuliza jina la ubatizo
anafikiri kwanza.

Sharti ni moja, halijaandikwa popote:
usikae peke yako.
Kiti kikikosa mtu wa pili kinalala upande,
na kwenye nguzo ya sita, penye mdomo wa upepo,
kinakugeuza utazame ulikotoka.
Basi watu husubiriana pale chini, mikono kwapani.
Wagomvi wa mpaka wa shamba wamewahi kupanda pamoja
kwa kukosa mwingine,
wakashuka wanaongea bei ya mbolea.

Bibi Tumpe alipanda na mumewe miaka thelathini,
yeye kushoto, Asangalwisye kulia.
Tangu tumzike Asangalwisye
anakuja na nusu gunia la viazi.
Analiweka kulia. Analifunga kwa kamba ya mgomba.
Nilidhani anapeleka sokoni,
hadi jioni nilipomwona akishuka nalo,
viazi vilevile,
vimeanza kuchipua.

Siku moja nikamwuliza, Bibi, nikae hapo?
Akanitazama viatu, akapanda nami hadi kiunoni.
"Wewe mwepesi," akasema. "Utatupindua."

Wakubwa wa kiwanda wamekuja mara mbili na kompyuta.
Wamepima kutu, wamepiga picha kapi,
wamesema lori linafika ng'ambo siku hizi, kiangazi.
Huku kwetu kiangazi ni wiki sita.
Gwakisa hakubishana. Aliwapa kiti namba kumi na moja,
kinachopiga kelele kuliko vyote,
wakapanda wameshikana mikono,
wanaume wazima na tai zao.

Leo nimechelewa, sikupata mwenzi, nikapanda hivyohivyo.
Nimelala upande kama koti kwenye msumari.
Kabla ya nguzo ya sita injini imekata.

Kimya. Sijui kama umewahi kuning'inia ndani ya wingu:
chai haipo, mto haupo, mikono yako mwenyewe
ni habari ya kuambiwa.
Waya unapumua. Tone linatoka kwenye chuma,
linaingia shingoni.
Mbele yangu, hatua kumi hivi, kiti cha Bibi Tumpe
kimenyooka kama benchi la kanisa,
na sauti yake, ya kawaida, ya mtu anayesubiri chungu kichemke:
"Tulia. Anaongeza dizeli."

Sikujibu.
Hakuwa anaongea na mimi.

Chini kabisa, tusi moja la Kinyakyusa.
Kisha kikohozi.