Masale ya Magombe

Ghala letu la kahawa hufungwa Ijumaa adhuhuri kwa ajili ya Sulaiti,
Jumamosi kutwa kwa ajili ya Hezroni,
Jumapili kwa ajili yangu mimi na padri.
Buni mbivu haijui dini; ikilazwa siku tatu inachacha.
Ndiyo maana Alhamisi mtanikuta napima hadi usiku,
chemli juu ya mizani, kalamu sikioni.

Wote wawili ni wa Magombe. Babu mmoja, mteremko mmoja,
juu ya Mbale, pale Wanale unapoinamisha shingo.
Ile miaka ya amri, sinagogi lilipotiwa kufuli,
mwana mkubwa aliificha Sabato uvunguni mwa kitanda.
Mdogo alikwenda msikitini, akapewa jina na kanzu,
akavuka salama na watoto wake saba.
Aliyejificha hakumsamehe aliyevuka.
Aliyevuka hakusamehe kutazamwa vile.
Mzee akagawa shamba, akapanda masale katikati,
akafa, akazikwa juu ya mstari wenyewe:
kichwa kwa mkubwa, miguu kwa mdogo.

Redio hukaa dirishani mwa ghala.
Habari za kule zikianza, foleni hunyamaza.
Huyu husema Yerusalemu, yule husema Kudusi,
na hakuna mwenye pasipoti.
Sulaiti huhesabu watoto waliofukiwa na kuta,
huhesabu kwa vidole, vidole humwishia.
Hezroni hutaja mtu mmoja tu, mgeni aliyelala kwake miezi miwili
akiwafundisha wanawe alfabeti ya Kiebrania;
alichukuliwa alfajiri, kutoka kitandani mwake,
na herufi zilibaki nne.

Mimi hukumbuka alichotusimulia mwalimu Nabende:
zamani mabwana walikaa Ulaya na ramani mezani,
wakasema, Wayahudi wanachinjwa, wapeni Uganda.
Kidole kiliangukia Uasin Gishu, si hapa,
ila wino uliandika Uganda.
Hakuna aliyepanda mlima kuuliza.
Wenyewe wakakataa; nchi yao walikuwa nayo katika sala.
Usiku najiuliza: je, wangekubali?
Je, kidole kingeteleza kidogo tu, magharibi?
Babu yangu, mwenye mbuzi sita na hati hana,
angeitwa nani leo redioni?
Na wao, waliotoka motoni, wakibisha hodi,
ningewafungia mlango?
Sijui. Napima kahawa.

Mwezi wa nne mvua ilinyesha siku tisa.
Siku ya kumi Hezroni alikuja na panga, gunia hana:
"Wamehamisha masale! Hatua nane, ndani ya kahawa yangu!"
Sulaiti akaja mbio, kanzu kiunoni.
"Ninyi ndivyo mlivyo," mmoja alisema.
"Ninyi," alijibu mwenzake,
na kwa neno hilo dogo ghala likajaa watu
ambao hakuna hata mmoja wetu aliyepata kuwaona.

Minsa, mke wa Sulaiti, ndiye aliyepanda kutazama.
Alirudi na matope hadi magotini.
"Hakuna aliyeng'oa kitu. Masale yamesimama wima, mizizi ardhini.
Mlima umeteleza. Umebeba mpaka mzimamzima,
na mzee naye."

Mnadhani walicheka? Mnadhani walishikana mikono?
Walianza upya: mpaka ni masale,
au ni pale masale yalipokuwa?
Kesi iko kwa mwenyekiti. Imeahirishwa mara tatu.

Kaburi sasa limelala mshazari,
na hajulikani nani ana kichwa, nani ana miguu.
Hezroni hulipalilia Jumapili, Sulaiti Jumatano,
kila mmoja nusu anayoiamini yake,
kila mmoja akichunga jembe lisivuke.
Katikati, kifuani pa mzee, umebaki ukanda wa nyasi
upana wa kiganja, mrefu, wa kijani kibichi,
na mbuzi wa Minsa, aliyekata kamba,
anaula taratibu kuanzia ncha moja.